Vitabu vya jukwaa, sanaa na jamii: kipi kinakufaa, na kipi kimekuvutia kwa jina tu

Niliwahi kuagiza kitabu cha kufundishia waigizaji, nikajikuta na kitabu cha sosholojia. Muuzaji hakuwa na kosa. Maelezo yalitaja jukwaa, hadhira, maleba na nyuma ya pazia, nami nilikuwa na kikundi cha watu kumi na wawili wanaosubiri mazoezi ya Jumamosi. Kitabu chenyewe kilikuwa The Presentation of Self in Everyday Life cha Erving Goffman, na ndani yake hamna zoezi hata moja. Anachosema ni kwamba watu wote huigiza mbele ya wenzao siku nzima, hata wasiowahi kukanyaga jukwaa. Nilikisoma chote, nikakipenda, na Jumamosi nikaenda mazoezini mikono mitupu.

Tangu siku hiyo, nikipitia orodha ambamo sanaa, michezo ya kuigiza na jamii vimechanganywa, siulizi kwanza kitabu kinahusu nini, kwa sababu karibu vyote vitajibu "jukwaa". Nauliza kinanitaka nifanye nini. Kuna kinachotaka nisome kwa sauti, kuna kinachotaka nivue viatu nianze mazoezi, kuna cha kutazama picha, na kuna kinachotaka nikae nibishane nacho. Ukikosea hapo, hata kitabu bora duniani kitakuudhi.

Mada moja, rafu tatu

Mkanganyiko huanzia kwenye mpangilio wenyewe. Maktaba nyingi zinafuata nambari za Dewey, mfumo uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, na katalogi nyingi za vitabu zimerithi fikra zake. Humo, sanaa za jukwaani zina nambari 792. Mtu angedhani tamthilia ziko hapo. Haziko. Tamthilia huhesabiwa kuwa fasihi, na fasihi hupangwa kwa lugha: za Kiingereza ziko 822, za Kifaransa 842, na fasihi ya Kiswahili imebanwa huko mbali kwenye 896.392. Vitabu vya jinsi watu wanavyohusiana na kuathiriana viko 302. Kwa hiyo mtu anayetaka kuandaa mchezo, kuuelewa na kujua ulivyopokewa na watu wake atazunguka vyumba vitatu.

Kwa mtafutaji, hii ina maana kwamba ukitafuta Kinjeketile ya Ebrahim Hussein chini ya 792 utaondoka ukidhani hawana, kumbe iko upande wa pili wa jengo. Kwenye katalogi ya kompyuta, usiridhike na neno moja. Tafuta "tamthilia", kisha "sanaa za maonyesho", kisha "michezo ya kuigiza", maana waliojaza kumbukumbu hizo hawakukubaliana. Na ukishapata kitabu kimoja kinachokufaa, shuka chini ya ukurasa wake penye vichwa vya mada, ubofye kimojawapo. Njia hiyo hunipa mengi kuliko kisanduku cha kutafutia.

Tamthilia yenyewe, au kitabu kinachoieleza?

Huu ndio uchaguzi wa kwanza, na watu wengi huufanya kinyume. Wanachukua mwongozo unaofupisha visa, wahusika na dhamira, kisha tamthilia yenyewe wanaiahirisha. Hesabu yake haijakaa sawa: tamthilia nyingi husomeka kwa saa mbili au tatu, ilhali mwongozo wake unaweza kukuchukua siku mbili.

Ila tamthilia inahitaji usomaji wake. Ukiisoma kama riwaya utaiona kavu, kwa kuwa mwandishi ameacha nafasi makusudi. Tazama mwanzo wa Hamlet ya Shakespeare. Ni usiku, askari wawili kwenye lindo. Mmoja anauliza ni nani hapo. Ukipita haraka hutaona kitu. Lakini angalia anayeuliza: ni yule anayekuja kupokea zamu! Aliye kwenye lindo ndiye aliyepaswa kuuliza, naye anamgeuzia mwenzake swali, ajibu yeye na ajitambulishe. Mistari miwili tu, na tayari unajua kwamba mahali hapa watu wanaogopa kiasi cha kusahau taratibu za kazi. Hakuna maelezo ya jukwaani yanayokuambia hivyo. Ukisoma kwa sauti, wewe na mtu wa pili, utalisikia. Ukisoma muhtasari hutalikuta kabisa, maana muhtasari utaanza na mzimu.

Hapo ndipo kitabu cha uhakiki kinapopata kazi yake: baada ya tamthilia, kukuonyesha ulichokiruka. Uhakiki mzuri unautambua kwa jambo moja. Fungua katikati, uone kama mwandishi anashika mstari maalumu na kuufungua, au anaorodhesha dhamira kama mtu anayesoma mahudhurio ya darasa.

Halafu kuna suala la toleo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini kwenye tamthilia za kale nakushauri uchague jembe. Hamlet peke yake ina matini tatu za zamani: ya 1603, iliyo fupi mno, karibu nusu ya nyingine, ya 1604 hadi 1605, na ile iliyomo ndani ya mkusanyo mkubwa wa 1623. Mkusanyo huo una tamthilia 36, na 18 kati yake hazikuwa zimewahi kuchapwa, Macbeth ikiwa mojawapo. Kila mhariri wa leo anachagua achukue nini kutoka wapi. Toleo lenye maelezo nusu ya ukurasa linamfaa anayesoma mezani akiwa na kalamu. Kwa mazoezi ni mzigo: mwigizaji anapoteza mstari wake chini ya tanbihi, na kitabu hakikunjiki mkononi. Kikundi kinataka toleo jembamba lenye nafasi pembeni ya kuandikia, na toleo nene moja la mwongozaji.

Tafsiri nazo si kitu kimoja. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia moja ya Shakespeare mara mbili: ikatoka 1963 kwa jina la Julius Caezar, kisha akairudia, ikatoka 1969 kama Juliasi Kaizari. Jina tu linakuonyesha mfasiri aliyeongeza ujasiri wa kuiachia lugha itamke inavyotamka. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice. Neno bepari asili yake ni mfanyabiashara, lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha hakuna aliyelisoma hivyo tu. Jina la mchezo la Kiingereza linataja mfanyabiashara mmoja, yeye akaweka wingi. Nani asome tafsiri hizi? Anayependa lugha, na anayetaka kuona jamii ikiingia kwenye tamthilia kupitia mlango wa mfasiri. Kwa hiyo katalogi isiyotaja jina la mfasiri inakunyima habari ya maana kuliko idadi ya kurasa.

Stanislavski, Brecht, Boal: "Karibu" moja, njia tatu

Hapa nitakaa, maana ndipo pesa nyingi hupotelea. Majina haya matatu yako kwenye kila orodha, yanapangwa pamoja, na mara nyingi maelezo yake yanafanana: kitabu cha msingi, lazima kwa kila msanii. Ukweli ni kwamba vinavuta pande tatu.

Chukua onyesho dogo. Mwenye nyumba amekuja kudai kodi ya miezi miwili. Mpangaji anafungua mlango nusu na kusema neno moja: "Karibu."

Kwa Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Moscow Art Theatre mwaka 1898, kazi inaanza kabla ya mlango kufunguliwa. Pesa imekwenda wapi? Mpangaji amelala? Kuna mtoto mgonjwa ndani ambaye kelele zitamwamsha? Na hasa: anataka nini kwa hilo "Karibu"? Anataka mgeni aingie, au anataka mgeni aone haya aondoke? Neno ni lilelile, na mlango ulioachwa nusu ndio unaosema kweli. Mwigizaji anatafuta hali halisi ya mtu huyu mpaka sauti ijitokeze yenyewe. Kitabu chake kimeandikwa kama shajara ya mwanafunzi anayefundishwa na mwalimu mkali mwenye subira, kwa hiyo kinasomeka kama hadithi. Faida yake ni kwamba unakosea pamoja na mwanafunzi. Hasara yake ni kwamba ukitaka zoezi fulani haraka, utalitafuta ndani ya mazungumzo marefu.

Na hapa toleo linaamua mengi. Kwa Kiingereza kitabu hicho kilitoka kikiwa kimekatwa vipande: An Actor Prepares mwaka 1936, kinachohusu kazi ya ndani, yaani fikra, kumbukumbu na hisia; halafu Building a Character mwaka 1949, kinachohusu mwili na sauti. Miaka 13 katikati. Waliosoma cha kwanza peke yake waliamini mbinu nzima ni kuchimbua machungu ya moyoni, na imani hiyo haijaisha. Mwaka 2008 Jean Benedetti alitoa tafsiri mpya iliyounganisha nusu zote mbili, An Actor's Work, yenye zaidi ya kurasa 600. Ukiwa na uvumilivu, chukua hiyo. Ukiwa hunao, chukua cha 1936, mradi ujue umeshika nusu ya shati.

Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia na mwongozaji wa Ujerumani, hataki uingie ndani ya mpangaji kiasi hicho. Anataka mtazamaji aulize kwa nini mtu anayefanya kazi kila siku hana kodi. Kati ya mbinu anazopendekeza kwa mazoezi ni kumsema mhusika kwa nafsi ya tatu, kuweka matendo katika wakati uliopita, na kutamka kwa sauti maelezo ya jukwaani. Jaribuni: "Mpangaji alifungua mlango nusu, akasema karibu." Umekuwa shahidi wa mtu huyu, kama anayesimulia ajali aliyoiona barabarani. Kinachotokea ni cha ajabu kidogo: neno lililozoeleka, tunalolisema mara ishirini kwa siku, linasikika kana kwamba limetoka nchi nyingine. Brecht aliimarisha fikra hizi baada ya kumwona mwigizaji wa Kichina Mei Lanfang akionyesha sanaa yake mjini Moscow mwaka 1935. Alimwona mtu anayemwonyesha mhusika na papo hapo anajionyesha akionyesha.

Tatizo la Brecht kwenye katalogi ni kwamba hakuandika kitabu kimoja cha nadharia cha kununua ukamaliza. Ni makala, vidokezo na mabishano ya miaka mingi. Mkusanyo ulioenea ni Brecht on Theatre, uliohaririwa na John Willett mwaka 1964. Matoleo ya baadaye yameongezewa mengi. Andiko lililokusanya hoja zake vizuri ni A Short Organum for the Theatre, lile la 1948 lenye aya 77 zilizopewa nambari, ambalo lipo ndani ya mkusanyo huo. Anzia hapo, kurasa chache, kisha urudi nyuma. Ukianza ukurasa wa kwanza utakutana na vijimakala vya ujana wake kuhusu ndondi na watazamaji wa michezo, na utadhani umekosea kitabu. (Si upuuzi, lakini si pa kuanzia.) Na usichukue nadharia yake kabla ya kusoma walau tamthilia yake moja. Jamaa alikuwa mcheshi, na nadharia peke yake inaficha hilo.

Augusto Boal wa Brazili ana swali la tatu: huyo mpangaji angeweza kufanya nini tofauti? Onyesho linachezwa mpaka mwisho wake mbaya, vyombo viko nje. Kisha linarudiwa. Safari hii mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!", akapanda, akachukua nafasi ya mpangaji na kujaribu njia nyingine, huku waigizaji wengine wakiendelea kumkazia kama maisha yanavyokaza. Mtu anayesema angewaita wapangaji wenzake anapewa nafasi awaite, na wapangaji wenzake wanakuja na visingizio vyao. Boal mwenyewe amesimulia mbinu hii ilivyozaliwa Peru: mwanamke mmoja alitoa ushauri, waigizaji wakaufanya, akasema sivyo, wakarudia, akasema sivyo, mwisho akaambiwa apande aonyeshe mwenyewe.

Boal ana vitabu viwili ambavyo watu huvichanganya, na hapa ndipo ningependa usikosee. Theatre of the Oppressed, kilichotoka katika miaka ya 1970 akiwa uhamishoni baada ya kukamatwa na kuteswa mwaka 1971, kina jina linalomwitikia Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili aliyeandika Pedagogy of the Oppressed, na kinaanza kwa kumbana Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: Boal anadai tanzia humtuliza mtazamaji ili asiasi. Ni kitabu cha hoja, kizito, chenye kurasa nyingi kabla hujafika kwenye mazoezi. Games for Actors and Non-Actors, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1992, ni cha vitendo: michezo mingi, kila mmoja na maelezo yake, unafungua ukurasa na kuanza. Mwalimu wa darasa, kiongozi wa vijana, mhamasishaji wa afya: chukua cha pili. Mwanafunzi wa chuo mwenye mtihani wa nadharia: cha kwanza. Ningekuwa nacho hicho cha pili, ile Jumamosi yangu ingekwenda vizuri.

Je, uchague mmoja tu kati ya watatu? Kwa mwigizaji anayejitayarisha peke yake kwa nafasi kwenye filamu, Stanislavski bila kusita. Kamera iko karibu mno kwa "alifungua mlango nusu". Kwa mwongozaji mwenye mchezo unaohusu vita au umaskini, ambaye amechoka kuona watazamaji wanalia kisha wanakwenda nyumbani wakiwa wametulia, Brecht. Kwa kikundi ambacho wanachama wake hawajawahi kuigiza na wana jambo linalowakera, Boal, na wala msisubiri kumaliza kukisoma.

Viwili vya 1968

Peter Brook, mwongozaji wa Uingereza, alitoa The Empty Space mwaka 1968. Mwaka huohuo kikatoka Towards a Poor Theatre cha Jerzy Grotowski, mwongozaji wa Poland, kwa utangulizi wa Brook huyohuyo. Vinawekwa pamoja kila mahali. Cha Brook ni chembamba, kimetokana na mihadhara minne, na kinasomeka safarini. Anagawa maonyesho mafungu manne, la kwanza likiwa maonyesho yaliyokufa, na utacheka kwa sababu umeshalipa kiingilio kuyaona. Cha Grotowski ni cha kundi dogo lenye nidhamu ya kitawa: umaskini anaousema ni kuondoa taa, vipodozi na mapambo mpaka wabaki mwigizaji na mtazamaji. Kina mazoezi ya mwili na sauti, lakini mengine si ya kujaribu bila mtu anayejua, hasa kama una mgongo mbovu. Kati ya viwili, ningemzawadia mtu yeyote Brook. Grotowski nampa anayeniomba.

Jamii kama jukwaa, jukwaa kama jamii

Turudi kwa Goffman, maana sasa najua anamfaa nani. Kitabu kilichapwa kwanza Edinburgh mwaka 1956, kikapanuliwa Marekani mwaka 1959. Mifano yake mizuri inatoka hoteli ndogo kwenye visiwa vya Shetland: wahudumu wakiwa mbele ya wageni wana sura moja, wakivuka mlango wa jikoni wana nyingine, na ule mlango ndio pazia. Ukishasoma hapo hutaweza tena kuingia benki wala msibani bila kutazama nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Kwa mwandishi wa tamthilia ni hazina ya maonyesho ambayo hayajaandikwa. Ila ukifika mwisho, Goffman mwenyewe anakiri kwamba mfano wa jukwaa ni kiunzi cha mafundi tu, cha kubomolewa nyumba ikisimama. Wanaomnukuu sana huwa hawajafika ukurasa huo.

Mweke kando ya Victor Turner, From Ritual to Theatre, 1982. Turner alikuwa mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wandembu wa Zambia katika miaka ya 1950. Kwake, migogoro ya watu tayari ina umbo la mchezo: mtu anavunja kanuni, mgogoro unapanda, unatafutwa usuluhishi, kisha wahusika wanapatana au wanagawanyika. Goffman anakupa dakika tano za mlangoni. Turner anakupa mwaka mzima wa ugomvi wa kijiji. Anayeandika vichekesho aende kwa wa kwanza, anayeandika tanzia aende kwa wa pili. Turner hasomeki kirahisi. Misamiati yake ya mpito na mpaka inajirudia, na kitabu ni mkusanyo wa makala, hivyo makala ya kwanza na ya mwisho zinatosha kukuonjesha.

Upande wa pili wa mlango huo wamo walioanzia jukwaani wakagonga jamii. Decolonising the Mind cha Ngũgĩ wa Thiong'o, 1986, kina sura nne, na ya pili ni ya lugha ya jukwaa. Humo anasimulia Kamĩrĩĩthũ, ambako mwaka 1977 yeye, Ngũgĩ wa Mĩriĩ na wanakijiji walitengeneza mchezo wa Kikuyu kwenye ukumbi wa wazi. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wapita njia waliwasahihisha waigizaji: mzee hazungumzi hivyo. Mchezo ulipigwa marufuku, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Ukilinganisha na Boal, mambo yanafanana hadi yanashangaza, lakini kila mmoja anakwenda na silaha yake. Boal anakuachia mbinu unayoweza kuinakili kesho asubuhi. Ngũgĩ anakuachia swali la lugha, na hilo halina zoezi. Ukitaka maelezo ya kazi yenyewe ya kwenda kijijini, kukaa na watu na kuunda mchezo kutokana na matatizo yao, pamoja na makosa yanayotokea wafadhili wakiwa na haraka, tafuta Culture and Development cha Penina Mlama, 1991. Hakivutii kwa jalada. Ni kitabu ambacho kiongozi wa mradi wa sanaa na maendeleo angekisoma kabla ya kuandika bajeti.

Vitabu vya picha

Kwa sanaa za kuchora na kuchonga, shindano la kawaida ni Gombrich na Berger. The Story of Art cha E. H. Gombrich, 1950, ni safari kutoka mapangoni mpaka karne ya ishirini, kwa lugha nyepesi ambayo wasomi wachache huiweza. Alijiwekea sharti la kuzungumzia kazi ambazo picha zake zimo kitabuni, na hilo pekee linakipa ubora: husomi maneno juu ya kitu usichokiona. Kasoro yake nayo inajulikana: toleo la kwanza halikuwa na msanii mwanamke hata mmoja, na dunia nje ya Ulaya inapitiwa upesi.

Ways of Seeing cha John Berger, 1972, kilichotokana na mfululizo wa televisheni, ni kijitabu chenye insha saba, tatu kati yake zikiwa picha tupu bila neno. Maandishi yanaanzia kwenye jalada lenyewe, kama mtu aliyeanza kusema kabla hujaketi. Berger hakusimulii historia. Anakuuliza nani aliagiza mchoro huu, nani yuko uchi ndani yake, na kwa ajili ya macho ya nani. Picha zake ni ndogo, hazina rangi, na nyingine zimechapwa vibaya. Gombrich kwa anayetaka ramani, Berger kwa anayetaka ugomvi. Na Gombrich usimsome kwenye simu. Picha zikikatwa na maelezo yakihamia ukurasa mwingine, lile sharti zuri alilojiwekea linakuwa kazi bure. Tamthilia nazo kwenye simu husumbua, kwa kuwa jina la msemaji hutengana na maneno yake, lakini unaweza kuvumilia. Insha tupu, kama za Brook, hazina shida yoyote.

Kumbukumbu za wasanii sitazisemea sana. Ni tamu, na kwa habari za mazoezi na njaa ya ujana hazina mpinzani, ila tarehe na nani aligombana na nani zithibitishe kwenye kitabu cha historia.

Kabla hujalipa

Maelezo ya nyuma ya kitabu yameandikwa na anayeuza. Mimi huanza na ukurasa wa yaliyomo. Sura zikiwa na majina ya vitendo, kama kupumua, kutazama, kuanguka, ni kitabu cha mazoezi. Zikiwa na majina ya watu na miaka, ni historia. Kila kichwa kikiwa na nukta mbili katikati, ni mkusanyo wa makala za wasomi, na humo utapata mbili nzuri. Halafu naenda kwenye faharasa. Kitabu cha nadharia kisicho na faharasa nakirudisha mahali pake, isipokuwa kama ni chembamba.

Angalia pia mwaka, na uangalie miwili: wa maandishi ya kwanza na wa chapa hii. Katalogi hupenda kuonyesha wa pili tu. Kitabu cha "2014" kinaweza kuwa cha 1956 kilichovishwa jalada jipya, na mifano yake ya simu na televisheni itakushangaza. ISBN, yaani nambari ya utambulisho wa kitabu, yenye tarakimu 13 nayo haimaanishi maandishi mapya. Ndio mtindo wa vitabu vyote tangu 2007, kabla ya hapo zilikuwa 10. Kwa tafsiri, ongeza swali la tatu: imetoka lugha ya asili, au imetafsiriwa kutoka tafsiri nyingine?

Na kama mna kikundi, watu kumi na wawili na pesa ya vitabu viwili tu: nunueni Games for Actors and Non-Actors nakala moja, na tamthilia moja fupi mnayoweza kuitoa nakala halali za kutosha kila mtu ashike yake. Goffman nitawaazima.